Mgema wa Padri Mikaere

Teabanga, Abaiang
Machi 10, 1987

Mdogo wangu Kaure,

Mauri. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Nauru, kama inavyotuacha sisi. Mgongo wangu tu ndio unauma kidogo, lakini huo nimeshauzoea. Watoto wanakusalimu.

Kaa kwanza ndipo usome. Padri Mikaere amefariki, Jumatano ya Majivu asubuhi, kule Tarawa walikomhamishia. Tumesikia redioni kama watu wa kuja. Wamemzika huko huko, na wewe unajua alivyokuwa akituonyesha mahali pake nyuma ya kanisa letu, akisema kwa utani, katekista Tekaai akifa msimzike karibu nami, atanihubiria.

Sasa parokia inataka kumkumbuka maneabani, kijiji kizima chini ya paa moja, siku ya sikukuu ya Moyo Mtakatifu, mwezi wa Juni, na jina lake liandikwe ukutani kanisani pamoja na mapadri waliotangulia. Katekista Tekaai amekataa. Anasema padri aliyeondolewa kwa sababu ya mwanamke haandikwi popote. Wakabishana mpaka mzee Tiaon akasema, "Kaure aandike anavyomkumbuka. Alikuwa mgema wa Padri miaka minane, asubuhi na jioni yuko juu ya mnazi wa misheni. Kama kuna anayemjua Padri, ni yeye."

Nimefurahi wamekutaja. Nei Taake, mwanamke mwenyewe, bado anasali nje ya kanisa chini ya dirisha, kama ulivyomwacha. Mwaka wa tisa huu. Mvua ikinyesha anajifunika mkeka. Mimi sipendi kumtazama, lakini yupo.

Andika upesi.

Dada yako,
Rotia


Nauru
Aprili 5, 1987

Dada Rotia,

Salamu nyingi kutoka kwenye vumbi. Mimi mzima, kifua tu kinabana kidogo kwa haya mawe tunayochimba. Mgongo wako ufunge na majani ya moto, usiupuuze.

Barua yako niliisoma kazini. Nikamwambia msimamizi vumbi limeniingia machoni.

Wasomee haya. Padri Mikaere alikuwa na baiskeli isiyo na breki, na badala ya kengele alikuwa akipaza sauti kutoka mbali, "Bwana awe nanyi!" Sisi tukiruka vichakani tunaitikia, "Na awe rohoni mwako!" Hakuna kuku wa Teabanga aliyekuwa hajui ibada.

Aliungamisha wavuvi ndani ya maji. Maji yakianza kujaa na wao wanataka kutoka na mitumbwi, alikunja kanzu akawafuata mpaka kifuani, wanasimama wawili wawili wananong'ona, yeye na mwenye dhambi, mawimbi yanawapiga mgongoni. Hakumchelewesha mtu hata siku moja.

Wasiojua kusoma aliwasomea barua zao. Zikiwa na habari njema alikuja mikono mitupu, anacheka tangu barabarani. Ukimwona na samaki wawili mkononi, ulijua kuna msiba. Alipika kwanza, mkala, ndipo akafungua bahasha.

Mwaka ule wa ukame hakukifunga kisima cha misheni. Tulimwambia kitakauka. Akasema basi tutakuwa na kiu wote pamoja.

Hayo yanatosha. Alikuwa mtu mwema. Sina la zaidi. Nimemtuma Biita, mwenzetu wa kazini anayerudi nyumbani, na tumbaku ya mzee Tiaon na uzi wa kuvulia.

Mdogo wako,
Kaure


Teabanga
Mei 4, 1987

Mdogo wangu,

U mzima? Sisi wazima. Tumbaku imefika na imeshakwisha.

Barua yako nimeisoma mwenyewe maneabani. Ile ya baiskeli, watu walicheka mpaka mzee Tiaon akatoka nje kukohoa. Niliposoma ya maungamo, wanaume wote wakatazama chini, nadhani kila mmoja alikumbuka dhambi yake na kina cha maji. Nikajiona nina ndugu wa maana.

Kisha Tekaai akasimama. Akasema imeandikwa vizuri, ila imeruka pale pale tunapopataka. Akanigeukia mbele ya watu wote: "Neno lilitoka kwa Kaure. Alikuwa juu ya mnazi siku ile. Mbona sasa hasemi alichokiona?"

Nikakutetea. Nikasema mdogo wangu alisema tu kwamba Padri aliingia kwa Taake mchana, hakuongeza kitu. Ndivyo nimekutetea miaka tisa. Lakini nilipokaa chini nilijiuliza na mimi. Mama mkwe wake alipofariki, Taake alisema Padri alikuwa akija kumwosha yule bibi. Tukamwambia alete shahidi. Hakuwa naye, tukamcheka.

Usinizungushe, Kaure. Kama uliona ubaya, sema ubaya, jina lisiandikwe, tumalize. Kama hukuona, sema hukuona. Wazee watangoja mpaka sikukuu, hawatangoja zaidi.

Dada yako,
Rotia


Nauru
Mei 24, 1987

Dada,

Leo sina nguvu ya kuulizia afya. Nisamehe.

Siku ile nilipanda bila kuimba.

Wiki hiyo Padri alikuwa amenigombeza mbele ya watu, baada ya misa, kwamba tembo la wagonjwa naliacha linachacha halafu nalinywa na wenzangu. Ilikuwa kweli, na ndiyo maana nilichukia. Unajua mgema anaimba kwa nini. Anayeoga ajifunike, wanaogombana washushe sauti, kila mtu ajue kuna macho juu. Mimi nilitaka nimkute Padri na jambo lake, na mimi nimseme. Nikapanda kimya kama mwizi.

Kwa Taake mikeka inayofanya kuta ilikuwa imeshushwa upande wa njia tu. Upande wa mnazi ilikuwa juu, kwa sababu hawakusikia mtu. Mkwe wake, Nei Kamoia, alikuwa amelala kifudifudi. Yule yule aliyewafundisha ngoma wasichana wote wa Teabanga na kuwatukana viuno vyao. Mgongo wote vidonda, na uchafu wake chini yake. Taake kwa ule mkono wake mbovu hakuweza kumgeuza. Padri alikuwa amepiga magoti anamwosha, anamwosha na kule ambako mtoto wake mwenyewe asingeweza. Na bibi analia, anasema wanawake wa hapa wakiniona hivi nitakufa mara mbili. Padri akamjibu, "Mama, hawatajua kwa mdomo wangu." Nilisikia kwa masikio yangu.

Akatoka na beseni kumwaga maji, kanzu imelowa. Akatazama juu. Tukaonana.

Jioni kwenye pombe nikasema Padri anaingia kwa Taake mchana, na akitoka amelowa. Wakacheka. Sikusema uongo, Dada. Kila neno lilikuwa la kweli, na nilijua linakwenda wapi.

Wazee waliponiita waliniuliza kwanza kama niliimba. Nikasema niliimba. Basi nikajifunga mwenyewe. Mgema aliyeimba asingeweza kuona bibi akioshwa, wangeshusha mikeka. Kuwasafisha Padri na Taake ilikuwa kujitangaza mimi kuwa mchunguliaji, watoto wanitungie nyimbo. Nikasema nilimwona akiingia, zaidi sikuona. Padri alikuwa ameketi mbele yangu. Hakukana, hakueleza. Alinitazama tu, na nadhani alikuwa akiningoja.

Siku boti inamchukua, alinishika mkono akaniomba nimpelekee Nei Kamoia tembo tamu kila asubuhi. Nikaahidi. Nilipeleka siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili Taake alinikaribisha ndani. Nikaweka chupa mlangoni nikaondoka, na wiki hiyo hiyo nikajiandikisha kuja huku.

Naona aibu. Isome maneabani, au ichome. Amua wewe. Ila ukiisoma, mimi sirudi tena Teabanga. Sina uso.

Kaure


Teabanga
Juni 7, 1987

Kaure,

Nimeisoma mara tatu. Sitaichoma, na sitaisoma mbele ya watu. Mara ya kwanza ulitumia mdomo wa walevi, sasa unataka wangu.

Ningependa kukutukana zaidi ya hapo, lakini nami nina langu. Jumapili ile ya kwanza, Padri ameshaondoka, Taake alikuja kukaa karibu nami kanisani. Nilivuta mkeka wangu mbali naye. Mimi ndiye wa kwanza kuvuta. Wengine waliona, nao wakavuta, mpaka akabaki peke yake katikati kama kitu kilichoangushwa. Akainuka akatoka. Nilifanya hivyo nikidhani nasimama na ndugu yangu. Tangu barua yako ifike, nikimwona njiani nageukia kichakani.

Sasa mguu wake umevimba mpaka gotini. Nesi amesema aende hospitali Tarawa, na hana mtu wa kumsindikiza. Nikaenda kumwambia nitakwenda naye. Alinitazama sana, akaniuliza kama nimekosea nyumba. Tunaondoka na boti ya Alhamisi. Sijamwambia chochote, sijui nitaanzia wapi.

Kwa hiyo siku ya sikukuu sitakuwepo. Ukitaka Padri aandikwe ukutani, njoo useme mwenyewe. Usiponiambia umeshasema, usiniandikie.

Dada yako,
Rotia


Teabanga
Juni 28, 1987

Dada Rotia,

Mauri. Natumaini unaendelea vizuri, na mgonjwa naye. Nimekuja. Nalala kwako, watoto wazima, kisima nimekisafisha.

Nilipopita Tarawa nilifika mpaka getini hospitali. Nikawaona watu wamekaa kivulini, nikadhani ni ninyi, nikageuka. Nakwambia ili usije ukasikia kwa mwingine.

Maneabani nilisema yote. Kupanda kimya, vidonda vya Nei Kamoia, ahadi ya Padri, uongo wangu kwa wazee. Mzee Tiaon aliniuliza kitu kimoja tu.

"Hukuimba?"

"Sikuimba."

Akaniambia nikae nile. Nilikuwa nimejiandaa kuchekwa, au kufukuzwa, na ningeshukuru. Mke wa Tekaai akaniwekea shelisheli na samaki, sahani imejaa, kama mgeni wa heshima. Watu mia wananitazama nikitafuna. Nilikula chote, Dada.

Kisha mzee Tiaon akaanza kulia. Ni yeye aliyeshika kalamu kumwandikia Askofu mwaka ule, sikujua. Tekaai akatoka bila kuaga. Tukadhani amekasirika, kumbe amekwenda kutafuta rangi. Jina ameliandika mwenyewe, herufi zimepanda kuelekea dirishani, na hataki mtu azinyooshe.

Wanawake wametandika mkeka mpya ndani ya kanisa, mbele, na leo Jumapili hakuna aliyeukalia. Mwambie Taake nafasi yake ipo. Mwambie namwomba msamaha. Msomee na ile barua ndefu, najua hujaichoma. Mimi kusema naye siwezi, nimejaribu pale getini.

Mdogo wako,
Kaure


Tarawa
Julai 9, 1987

Mdogo wangu Kaure,

Barua yako imefika. Mimi mzima. Mguu wa Taake umepungua, anatembea kidogo kwa fimbo, na manesi wanamwogopa.

Nimemsomea zote mbili. Alisikiliza huku akichambua samaki. Pale pa Nei Kamoia na Padri aliniomba nirudie, nikarudia. Nilipomaliza yako nikamwambia na yangu, ya kuvuta mkeka. Akasema hilo nisijisumbue kumweleza, alikuwepo.

Kuhusu nafasi mliyomtandikia, aliuliza ule mkeka mpya umefumwa na nani. Nikawataja, mmoja mmoja. Akawarudia majina yao taratibu, kisha akaniomba maji ya kunywa. Ombi lako la msamaha hakulijibu, na mimi sikuthubutu kuuliza mara mbili.

Leo asubuhi alitaka nimpeleke kwa Padri. Makaburi ya misheni si mbali, lakini kwa mguu ule tulitumia saa mbili. Padri ana msalaba wa mbao tu, na majani yameota kila mahali, maana huku hakuna aliyemjua. Taake akakaa chini, akanyoosha mguu, akanigeukia.

"Mimi mmenikuta ningali hai. Huyu je, mtamwambia lini?"

Nikainama nikang'oa majani, kaburi zima, mpaka vidole vikachubuka. Alipoona nimemaliza, akaniuliza tena.

Dada yako,
Rotia