Kola ya Shingo

Jumatatu, 7 Septemba 1953
Ajali leo, karibu na Ruiru! Lori letu la kahawa lilisimama kupisha ng'ombe, lori jingine likatugonga nyuma. Shingo ikarushwa mbele, ikarudi nyuma. Kang'ethe, dereva wetu, alinibeba mgongoni mpaka zahanati, kwa dresa.

Jumatano, 9 Septemba
Siwezi kuinama hata kuandika. Dresa Opiyo amenipa vidonge vya aspro na kola ya kadibodi iliyofungwa bendeji. Ya siku chache tu, anasema. Kang'ethe amemtuma mkewe, Wangeci, anikande kwa maji moto na mafuta ya mbarika. Ana mikono mizuri.

Ijumaa, 11 Septemba
Askari walikuja shambani kuwatafuta Wakikuyu waliokula kiapo cha wapiganaji wa msituni. Sisi tusio Wakikuyu, tuliotoka magharibi, tuliitwa mmoja mmoja mezani. Afisa wao akaniuliza, huyu dereva amekula kiapo? Mimi sijui lolote! Lakini sikusema sijui. Alinikazia macho, nikaogopa, nikaitikia kwa kichwa. Na kola shingoni! Iliniuma mpaka machozi yakatoka. Kang'ethe alipakiwa kwenye lori lao bila kiatu kimoja.

Jumamosi, 12 Septemba
Wangeci amekuja kunikanda. Amekuja! Anawaambia watu kwamba mimi, karani wa shamba, sikumsingizia mume wake, ni shingo mbovu iliyoanguka yenyewe. Nikasema ndiyo, ni shingo. Naona aibu hata kuandika.

Alhamisi, 17 Septemba
Opiyo ameniambia nivue kola, vinginevyo shingo itazoea uvivu. Sasa ni mazoezi: inamisha, inua, kulia, kushoto, mara kumi. Nikamwomba siku chache zaidi. Alishangaa.

Jumapili, 20 Septemba
Asubuhi niligeuza kichwa mpaka begani — sikusikia maumivu yoyote. Nimepona! Kanisani nikaenda na kola. Wangeci alinisubiri nje. Afisa anarudi kesho, akaniambia. "Ikipona tu, karani, twende umwambie. Utafanya hivi." Akatikisa kichwa chake, hapana, hapana, polepole, kama anayenifundisha. Mimi ni mtu wa namna gani?

Jumatatu, 21 Septemba
Gari la afisa liko ofisini. Wangeci yuko nje ya mlango wangu na chupa ya mafuta. "Karani, shingo inasemaje leo?"

Kola iko hapa juu ya meza, kando ya daftari.

Nimejibu kwamba bado inauma. Anasema basi nifungue mlango, anikande kwanza, afisa tutamwahi tu. Naifunga kola shingoni kabla ya kufungua —