Mukwe Wangu Anayeamuru Ndege

Bukavu, Nguba, tarehe 13 Novemba 2022

Ornella mutoto wangu,

Amani ya Yezu ikukute hapo ulipo, wewe na lile tumbo. Unaamuka namna gani? Miguu inavimba? Unakula? Mimi niko muzima. Presha inanicheza kidogo jioni, lakini daktari alisema nina moyo wa musichana wa miaka ishirini. Alisema kwa sauti, watu wote kwenye mustari wakageuka.

Usishangae kupata barua. Najua kutoka hapa kwangu naona mabati ya kilima chenu kule Kamembe, nikipiga kelele kidogo utaniitikia. Lakini simu nimeacha. Tangu ile ndege ya vita ya Kongo yetu iliingia huko kwenu Rwanda upande wa Gisenyi, ikagusa uwanja wao na kurudi, watu wanasema kila simu inayovuka mupaka wa Ruzizi iko na mutu wa tatu ndani. Wakubwa wanasema ilikosea njia. Mimi sijui, mimi sitaki mutu wa tatu. Godelive anavuka kila asubuhi kuuza nyanya, atakuwa anabeba barua zetu ndani ya kikwembe alichojifunga.

Sasa sikia. Leo Jumapili kwenye shirika, tulipokutana kusali, wamama walikuwa na woga. Mélanie, jirani yangu, akauliza: “Ile ndege ikirudi, wale wakiipiga, vita si itatuangukia sisi wa mupakani?” Nikamwambia: “Tulia, Mélanie. Mukwe wangu Constantin iko kwenye uwanja wa ndege huko ng’ambo. Yeye ndiye anaamuru ipi ipite na ipi ikae. Hawezi kukubali kitu kimuangukie mama mukwe wake!” Papa Emile, chef wetu wa avenue, mukubwa wa mutaa, akainuka na kunipa kiti chake. Kile cha kuegemea, Ornella.

Mwezi wa pili nitavuka nikukande tumbo na maji ya moto. Mutoto wa kwanza anapokelewa na mama ya musichana, hilo halina mjadala. Vikwembe viwili nimekwisha kununua. Mama ya Constantin akae kando aone kazi.

Mama yako,
Françoise

*

Kamembe, 24 Novemba 2022

Mama mupenzi,

Jambo sana. Barua yako imenichekesha mpaka mutoto akapiga teke. Tuko wazima. Miguu inavimba, ndiyo, lakini nakula, hata usiku. Na presha, unakunywa dawa kweli ama unawaonyesha tu wageni kopo lake?

Mama, nina ombi, usikasirike. Constantin haamuru ndege. Anakata majani. Unajua vizuri. Siku ya harusi ulimuuliza, akakuambia: anasukuma mashine ya majani pembeni ya mahali ndege zinatua, na mvua ikizidi anazibua mitaro. Kazi hiyo inatulisha, na haina aibu. Tafadhali uwaambie wale wamama ukweli.

Nasema hivi kwa sababu juzi mukubwa wake alimuita pembeni. “Mama mukwe wako iko Bukavu, sivyo? Anafanya kazi gani? Anaongea na nani?” Alirudi nyumbani, akasukuma sahani. Toka tuoane hakuna mutu aliyemuuliza hivyo. Sasa kila upande unatafuta mutu wa upande mwingine, na sisi tuko watu wa pande zote mbili.

Kitu kingine. Bahasha yako ilifika imebandikwa na bugali. Ulikosa gundi?

Mutoto wako,
Ornella

*

Bukavu, tarehe 5 Januari 2023

Ornella,

Heri ya mwaka mupya. Mungu akufikishe salama. Sisi tulikula Noeli vizuri, niliimba peke yangu beti mbili nzima, padri alifunga macho kabisa juu ya utamu.

Majani! Sasa uwanja bila kukatwa majani, ndege itatua wapi? Akiacha kukata wiki mbili tu, si zote zitarudi zilikotoka? Kwa hiyo anaamuru. Mimi sikudanganya mutu.

Lakini mambo yamebadilika huku. Toka ile ndege ya pili, ya baada ya Noeli, ile wa ng’ambo wanalalamika imepita tena kwenye anga yao, watu wananisalimia na nusu ya mudomo. Nikiingia kwenye shirika, maneno yanakatika. Mélanie anasema: “Jisogezeni, Madame Radar amefika.” Wanacheka, lakini cheko lenyewe halina mafuta.

Papa Emile alinifuata mpaka mulangoni. “Mama Françoise, mukwe wako alikuambia nini kabla ya ndege kupita?” Nikameza mate, nikameza na kiburi, nikasema: “Papa Emile, yule kijana anakata majani tu.” Akanitazama. “Novemba alikuwa anaamuru ndege, Januari anakata majani. Nani amekufundisha kusema hivyo?” Nikajibu: “Hakuna, mutoto wangu ameniandikia.” Akatikisa kichwa polepole. “Aha. Kwa hiyo kuna barua.”

Ornella, gundi ninayo, kopo zima. Bugali si yangu. Nilimuuliza Godelive akiwa anapanga nyanya, na hakuinua macho. Sasa sijui nimuamini nani. Na wewe niambie kweli, mimi ni mama yako: Constantin anakata majani tu? Mutu wa majani anaitwa pembeni na wakubwa juu ya nini? Hajawahi kukuuliza mambo ya Bukavu, nani anakaa wapi, wanajeshi wamelala wapi? Muangalie akiwa anakula. Mutu anayeficha kitu anatafuna upande mumoja.

Mama yako

*

Bukavu, tarehe 30 Januari 2023

Ornella,

Natumaini uko muzima. Mimi niko muzima.

Umesikia kwamba wiki iliyopita ndege yetu imepigwa risasi upande wa Goma. Kwa sababu hiyo nataka unijibu haya. Kwenye uwanja ambapo bwana yako anafanya kazi, ndege ngapi zinatua kwa siku moja? Kuna ndege za kijeshi? Zinafichwa wapi? Wanajeshi walinzi wanabadilishana saa ngapi? Bwana yako anaruhusiwa kufika wapi na wapi?

Jibu haraka kwa njia ya Godelive.

Mama yako

*

Kamembe, 4 Februari 2023

Mama mupenzi,

Jambo sana. Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa chini.

Hujauliza tumbo. Hujasema mutu yeyote amekusifu, si daktari, si padri, si hata muuza mukaa. Miaka ishirini na saba niko mutoto wako, sijawahi kusikia unaongea pumzi nzima bila kujisifu. Hii barua mukono ni wako, lakini mudomo si wako.

Kwa hiyo nitamujibu yule aliyekaa karibu nawe. Papa, ama tonton, ama mujomba, sijui nikuite nani: bwana yangu anakata majani. Ana mashine moja, viatu vya mpira, na mugongo unaomuuma. Anafika pale majani yanapofika. Hajui zaidi. Ndege zinazotua hapa ni za abiria, na kutoka kwenye vilima vya Bukavu munaziona zote zikishuka, bila kumusumbua mama ya mutu. Mama yangu ana mudomo mukubwa na moyo mukubwa kuliko mudomo. Mutu yeyote wa Nguba atakuambia anasifu hata kuku wake.

Nakuomba kitu kimoja tu. Umuache avuke. Nitazaa kabla mwezi huu haujaisha, na ni mara ya kwanza, na naogopa. Mwanamuke anahitaji mama yake siku hiyo. Mama yako pia kuna aliyemukanda siku alipokuzaa.

Mama, nakungoja. Kitanda chako kiko tayari, Constantin amekitengeneza mwenyewe. Anatafuna pande zote mbili, nimeangalia.

Mutoto wako,
Ornella

*

Bukavu, tarehe 16 Februari 2023

Ornella, mutoto wa tumbo langu,

Bwana akulinde, wewe na huyo anayekuja. Tumbo limeshuka? Mugongo wa chini unauma? Ukiuma kila mara kwa mufululizo, usingoje, nenda hospitali.

Barua hii haikupita kwa Godelive. Imezunguka na ziwa mpaka kisiwa cha Idjwi, na kutoka pale imevuka na mutu nisiyemutaja. Godelive usimuchukie. Alikuja kwangu akalia: wale wanaofungua barua zetu walimuambia bila kuwaonyesha barua hatauza tena nyanya kule.

Sasa nikuambie. Mwezi uliopita walikuja wanaume watatu, viatu vinang’aa hata kwenye matope yetu. Hawakusema wametumwa na nani. Walichukua karatasi yangu ya kuvuka. Ile barua niliandika mumoja akiwa ameinama juu ya bega langu, ananuka vitunguu. Ulinijua! Niliposikia wanasoma jibu lako, nilitaka kupiga vigelegele. Nikasema moyoni, huyu akili zake ni zangu.

Lakini walipomaliza kusoma, mukubwa wao alitabasamu. Akatoa karatasi yangu mufukoni, akaniwekea mukononi, taratibu, kama mutu anayerudisha chenji. “Mutoto anakuita, mama. Uvuke. Ukae mwezi mzima. Ukande, upike, umutembelee mukwe wako kwenye kazi. Ukirudi, utatuambia uliyoyaona.”

Ulichowaomba, wamekikubali. Ndiyo sababu siji.

Sikia vizuri. Nikivuka, nitamuangalia mutoto na jicho moja, na lile lingine litakuwa lao. Hata nikirudi na kusema sikuona kitu, watasema naficha. Na huko kwenu, yule mukubwa aliyemuita Constantin pembeni, akisikia mama mukwe amefika kutoka Bukavu wakati huu wa kupigiana ndege risasi, atafanya nini? Mutalala kwenye kitanda hicho wawili tu, wewe na mutoto, na baba atakuwa kifungoni. Nimewaambia presha imenikamata, siwezi kutembea. Niko nalala muchana ili waamini. Mélanie ameniletea uji, hajaniita Radar.

Sasa fanya hivi. Muite mama ya Constantin. Ndiyo, yeye. Akukande. Maji yawe ya moto, siyo vuguvugu, najua yeye ni mutu wa vuguvugu. Aanze chini ya kifua ashuke, asiruke. Ufungwe tumbo na kikwembe kigumu, vile viwili nilivyonunua nimevituma pamoja na barua. Akikuambia kwao wanafanya vingine, nyamaza, muache, umushukuru. Mukono wa mutu mwingine uko bora kuliko kukosa mukono.

Constantin umwambie nilimushuku. Hapana, usimwambie. Umwambie mama mukwe wake anamusalimia, na kitanda amekiona hata kutoka huku.

Na mutoto akianza kusikia maneno, umwambie habari za tate wake, bibi yake wa Bukavu, uziseme kwa sauti, majirani wasikie. Umwambie wanawake wengi hapa wanalia mupakani wakiomba karatasi ya kuvuka. Tate wake ndiye mwanamuke mumoja tu, Bukavu nzima, ambaye wanaume watatu walimupa karatasi mukononi, wakamubembeleza avuke, na akawakatalia.

Usijibu.

Mama yako,
na tate wa huyo anayekuja