Baba Ameenda Kazini

3 Machi

Shikamoo kaka,

Wifi na watoto hawajambo? Sisi tunasukuma siku. Mama anakula vizuri, ila kwake Baba hajafa. Kila asubuhi ananiuliza yuko wapi, namwambia ameenda kazini. Basi anachukua shati la marehemu, anashona kifungo, anatulia. Akilala mchana nakikata, ili kesho awe na cha kushona. Fundi cherehani kama yeye akikosa kazi anasumbuka. Nimechoka, kaka. Hata kuoga naoga mlango wazi, nimsikie.

Mdogo wako


12 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole. Huku wazima. Lakini hilo la kifungo limeniudhi. Mama alituchapa kwa uongo wa kijiko kimoja cha sukari, leo unamchezea kama mtoto? Mwambie ukweli. Ni haki yake.

Kaka yako


30 Machi

Shikamoo kaka,

Nilimwambia. Akaanguka chini akalia, majirani wakaja mbio kutoa pole za mtu aliyezikwa miaka tisa iliyopita. Baada ya chai akauliza tena. Nikamwambia tena, maana kaka mkubwa kasema. Mara nne kwa siku moja nilimfanya mjane. Mara ya tano ulimi ulikataa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Njoo wiki mbili, huo ukweli umwambie wewe.

Mdogo wako


2 Mei

Mdogo wangu,

Unaendeleaje huko kwa mama mdogo? Lala, usiharakishe kurudi. Mama mzima. Siku niliyofika aliuliza habari za Baba, nikasema ukweli. Nilisema mara moja tu, nimekoma.

Leo namnywesha chai, akaniuliza, "Daktari, mwanangu wa kiume anakuja lini?"

"Mama, ndiye mimi."

Akanisukuma. "Mwanangu hana kipara. Wewe nani kakuingiza humu?" Akaanza kukuita wewe. Nilijaribu kumshika mkono, akazidi kuogopa. Nikatoka nje, nikalia, nikanawa uso. Kisha nikabisha hodi upya.

"Shikamoo mama. Mwanao amenituma. Yuko njiani."

Uso ukamfunguka. Akanisogezea kiti. "Kaa basi, tumngoje wote."

Tukamngoja mpaka alasiri.

Kaka yako