Gari Lililokataa Kuwaka Penye Baki

JAMHURI YA ZAIRE
Jandarmeri ya Taifa, Kituo cha Zone ya Kasuku, Kindu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mbusa Kitsongo. (Shahidi anasema watu wote wanamwita Fundi Fortunat. Ameelezwa kwamba jina hilo haliandikwi tena, kwa kuwa ni la kigeni.)
Umri: miaka 41
Kazi: fundi wa magari
Alikozaliwa: Butembo
Makao: zone ya Kasuku, nyuma ya soko
Yameandikwa na: Adjudant Lokwa Bosenge, Alhamisi tarehe 19 Oktoba 1978, kuanzia saa nane mchana

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Ninasema kwa Kiswahili na Adjudant anaandika.

Mnamo Jumanne tarehe 17 Oktoba, yapata saa tatu asubuhi, nilikuwa garajini kwangu nikitengeneza pikipiki, Masudi akaja mbio. Masudi ni shofere wa Mama Mbambu, mfanyabiashara wa kutoka kwetu Butembo, anayepeleka chumvi, sabuni na samaki mkavu Kalima. Alisema kamionete imekufa penye baki, kile kivuko cha magari, upande wetu huu wa mto, na baki ilikuwa tayari inapakia kuvuka kwenda Alunguli. Mazuti ya injini ya baki ilikuwa karibu kwisha, na watu wa baki walishatangaza kwamba wakivuka mara hiyo hawajui watavuka tena lini.

Nilichukua mfuko wangu wa vyuma tukaenda. Njiani nilimuuliza gari lilikufaje. Akasema, "Halikufa likitembea, fundi. Nililizima tu tungoje zamu. Kuwasha tena, hapana."

Tulilikuta kwenye foleni, mahali palipo sawa, kabla ya mteremko wa kuingia majini. Mbele yake kulikuwa na lori la mbao, umbali wa hatua mbili hivi. Gari lilikuwa limeachwa na gia imeingia, vitesi ya kwanza, na jiwe chini ya tairi, kwa sababu breki yake ya mkono haishiki. Hiyo ni desturi ya Masudi, kila fundi wa Kindu anaijua. Vitesi hiyo niliitoa mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, kabla ya kugusa kitu kingine. Naomba jambo hili liandikwe mahali ambapo litaonekana.

Nilimwambia Masudi ageuze ufunguo. Nikasikia "tak" moja, kisha kimya. Injini haikuzunguka hata kidogo. Gari linalozunguka bila kuwaka lina ugonjwa wake, na gari lisilozunguka kabisa lina ugonjwa mwingine. Hili lilikuwa la namna ya pili. Niliwasha taa za mbele, zikawa kali. Nikamwambia ageuze tena huku ninaziangalia, zikafifia karibu kuzimika. Nilifungua vichwa vya batiri, vilikuwa na ule unga mweupe, nikavisugua, nikavikaza. Nikaukaza na waya wa batiri unaoshikana na mwili wa gari. Tak, kimya. Nikaingia chini, nikagonga demarere, ile mota ndogo inayozungusha injini, kwa mpini wa nyundo. Tak, kimya.

Hapo nilijua meno ya demarere yamenasa katika meno ya gurudumu la injini. Nimeona ugonjwa huo mara nyingi. Dawa yake si kubwa: unaingiza vitesi, unaondoa mawe, mnalitikisa gari mbele na nyuma mpaka meno yaachane. Kisha unatoa vitesi. Kijana wa siku ya kwanza garajini anafundishwa hivyo: ukishaingiza, utoe.

Nilihitaji mtu wa kusukuma kutoka mbele. Zuberi Bulaimu alikuwa pale karibu na lori. Yeye ni mtu wa baki, kazi yake kushika kamba na kuweka magogo chini ya magari yakishapanda. Hakuwa na kazi na gari letu. Ni mimi niliyemwita. Nilisema, "Zuberi, njoo utusaidie mbele." Hata sikumaliza, alikuwa ameshakuja. Ndivyo alivyokuwa. Jumapili alasiri, nikitoka misani, tulikuwa tukicheza dama kibarazani kwake, na alikuwa akiiba kete waziwazi huku anacheka, ukimshika anakurudishia na kuanza upya. Nilipofika Kindu bila kujuana na mtu, yeye ndiye aliyenitafutia nyumba.

Niliondoa jiwe, nikaingiza mkono dirishani, nikatia vitesi ya pili. Masudi hakuniona. Alikuwa nyuma ya gari na abiria wawili, tayari kusukuma. Mimi na Zuberi tulikuwa mbele. Tulitikisa mara kadhaa. Kisha nikasikia mlio mfupi wa chuma chini ya injini, nikajua yameachana. Nilifurahi. Nilisema kwa sauti, "Njo hii, ndiyo yenyewe!" Zuberi naye akapiga mikono juu ya kapo, kile kifuniko cha injini, akacheka.

Wakati huohuo Mama Mbambu alipiga kelele kutoka ukingoni, "Fundi, wanafungua kamba! Wanatuacha!" Masudi akakimbia kwenda kuwasihi watu wa baki wangoje. Kwa hiyo ndani ya gari hapakuwa na mtu. Ufunguo ulikuwa umebaki umegeuzwa. Ningeweza kumngoja Masudi arudi. Ningeweza kuingia mwenyewe na kukaa kwenye kiti, na mguu wangu ungekuwa juu ya breki. Lakini kapo nilikuwa nimeshaifungua, bisibisi ilikuwa mkononi, na nilitaka Mama Mbambu aisikie injini ikinguruma kabla kamba haijafunguliwa. Nilisimama ubavuni, nyuma ya tairi, nikaunganisha vichwa viwili vya demarere kwa bisibisi. Demarere ikazunguka vizuri. Injini ikashika.

Gari likaruka mbele. Zuberi alikuwa bado ameegemea bampa, akingoja nimwambie tusukume tena. Lilimpeleka mpaka kwenye lori la mbao na kumbana pale, kisha injini ikazimika. Hakulia. Alisema tu, "Ee," kama mtu aliyekanyagwa sokoni.

Tulilivuta gari nyuma kwa mikono. Masudi alirudi mbio, akaruka ndani, akashika mti wa vitesi na kuusukuma kwa nguvu mpaka ukalegea. Nilimwona usoni alipogundua kwamba vitesi ilikuwa imeshika. Akasema, "Mungu wangu, niliacha vitesi." Nilimsikia. Nilikuwa karibu naye kama ninavyokuwa karibu na meza hii.

Aligeuza ufunguo na gari likawaka mara moja, bila shida yoyote. Tulimlaza Zuberi nyuma, juu ya magunia ya chumvi, nikakaa naye na kichwa chake juu ya mapaja yangu, Masudi akaendesha kwenda hospitalini. Njia ile yote injini ilikuwa inanguruma vizuri kabisa. Nilikuwa ninaisikiliza. Sikutaka kuisikiliza, ila masikio ya fundi hayana mlango. Karibu na kituo cha reli Zuberi alifumbua macho, akauliza, "Fundi, iko inatembea?" Nikamjibu, "Iko inatembea." Akasema, "Wewe uko fundi." Hakusema neno jingine. Alifariki alasiri hiyohiyo, kabla ya sala ya magharibi.

Jandarme alikuja hospitalini, akatukuta tumekaa ukutani, mimi, Masudi na Mama Mbambu. Akauliza nani aliacha gari katika vitesi. Mama Mbambu alisema, "Shofere njo mwenye gari, aulizwe yeye." Masudi akasimama, akasema, "Labda ni mimi, mukubwa. Breki ya mukono haishike, nimezoea kuacha na vitesi." Jandarme akaniangalia mimi. Nilitazama mikono yangu, ilikuwa na grisi na ile damu. Nikasema, "Mimi nilikuwa chini ya kapo." Neno hilo lilikuwa kweli, na nililisema ili nidanganye. Masudi alichukuliwa mbele yangu. Alipopita aliniomba nimwambie mkewe asiogope.

Sikuenda kumwambia. Nilimtuma mtu.

Jumatano asubuhi tulimzika Zuberi. Mimi ni Mkatoliki, lakini ndugu zake walisema rafiki wa marehemu asisimame pembeni, wakanipa nafasi chini ya jeneza. Nililibeba kwa bega la kulia mpaka makaburini. Nilidhani wataona. Hakuna aliyeona.

Jioni ya siku hiyo Mama Mbambu alikuja nyumbani. Sitaki aadhibiwe kwa haya, hakusema kwa ubaya. Nadhani alikuwa ameshafahamu, maana alikuwa amesimama ukingoni na aliweza kuona mkono wangu dirishani. Alisema, "Mbusa, Masudi ni mutoto wa hapa. Wazee wake watakwenda kuomba, atatoka. Wewe ni mugeni. Nani atakwenda kuomba kwa ajili yako? Unyamaze, ulee watoto." Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi, akasikia. Mama Mbambu alipoondoka aliniuliza, "Ni nini unanyamazia?" Aliiweka sahani, hatukula.

Leo asubuhi Mwanvua alifika garajini. Mwanvua ni dada mkubwa wa Zuberi, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufa. Hawa, mke wa marehemu, yuko ndani ya eda, kwa hiyo Mwanvua ndiye anayetoka kwa ajili ya nyumba nzima. Niliweka chini nilichokuwa nacho. Alisema, "Fundi, nimekuja kukushukuru. Watu wanasema ulimupakata njia yote." Kisha akauliza, "Alisema nini?"

Nilifikiri nimwambie hakusema kitu. Lakini ni dada yake. Nikamwambia aliuliza kama gari linatembea, na mimi nikamwambia linatembea. Mwanvua alifunika mdomo kwa kanga, nikadhani analia, kumbe alikuwa anacheka, halafu ndipo akalia. Akasema, "Njo yeye. Njo yeye kabisa." Aliposimama kwenda alinishika mkono huu, kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Mungu akulinde, baba. Kama si wewe, angalikuwa peke yake."

Nilifunga garaji. Sikupita nyumbani kwanza kwa sababu ningepita nyumbani, nisingefika hapa.

Hapa Adjudant ameacha kuandika. Ameniambia kwamba nimeingia kama shahidi, na kwamba akiliandika neno la vitesi ya pili sitatoka kama shahidi. Ameniambia pia kwamba hakuna mtu mwingine aliyelisema neno hilo, na kwamba naweza kwenda nje nikavute hewa na kufikiri. Nilimwambia hewa nimeivuta siku mbili. Nilimwambia, "Andika, mukubwa."

Masudi hakuacha vitesi. Ya kwake niliitoa mimi. Ile iliyoua niliitia mimi, nikaisahau kwa haraka ya kutaka kusifiwa, na nikamwita Zuberi mahali asipokuwa na kazi. Gari lilikuwa bovu, lakini nilikuwa nimeshalitengeneza. Halikuua likiwa bovu.

Ninaomba mtu amwambie mke wangu kwamba niko hapa, na mtu huyo asiwe wa kutumwa tu, aingie ndani, akae, amweleze.

Nimeyasema haya kwa kinywa changu na akili zangu, nimesomewa, na sina la kupunguza.

(Sahihi) Mbusa Kitsongo

MAELEZO YA AFISA

Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa Kiswahili, akayakubali na kutia sahihi mbele yangu saa kumi kasorobo. Kuanzia saa hiyo nimemweka chini ya ulinzi. Hakupinga. Aliomba maji na kitambaa cha kufutia mikono.

Nyumbani kwake nimekwenda mwenyewe.

Saa kumi na moja nimemfungua Masudi, shofere, na kumsomea sehemu inayomhusu. Hakuonyesha furaha. Aliniomba nirudie mahali pa vitesi, nikarudia. Kisha akanieleza kwamba jana, baada ya maziko, Mwanvua, dada wa marehemu, alimletea chakula dirishani. Kwamba yeye, Masudi, alipiga magoti mbele ya mama huyo na kumwomba msamaha. Na kwamba mama huyo alimsamehe, kwa jina lake na kwa jina la Hawa. Aliuliza sasa afanye nini na msamaha ule. Nilimjibu kwamba hilo si jambo la jandarmeri, na kwamba yuko huru kwenda kwa watoto wake.

Hakwenda. Aliketi kwenye benchi la nje. Giza lilipoanza kuingia alisimama, akaniuliza kama wafungwa wanaruhusiwa kuzungumza na watu dirishani, nikamwambia wanaruhusiwa. Alizunguka nyuma ya jengo. Sikusikia walichoambiana. Nilisikia sauti ya Masudi peke yake, kwa muda mrefu, na mwishowe ya yule mwingine.

Adjudant Lokwa Bosenge
Kindu, tarehe 19 Oktoba 1978