Dawa Ileile ya Vidonda

Ihembe, Karagwe
3 Juni 2024

Mwanangu Kemilembe,

Salamu za nyumbani zikufikie huko Mwanza. Migomba haijambo, mimi sijambo kwa kiasi. Najua utalalamika kwa nini situmii simu. Herufi zake ni ndogo kuliko punje za ulezi, na kiziwi mwenye jicho moja ana haki ya kuchagua karatasi.

Habari yenyewe ni ya jicho hilo. Ijumaa nikichuma kahawa tawi liliniponyoka likanichapa kwenye jicho zima. Sasa ni jekundu, linatoa usaha, na mwanga wa mlangoni unaniumiza. Jirani yetu Placida ameniandikia nitie maziwa ya mama anayenyonyesha. Nimemwambia nangoja neno lako, wewe ndiye muuguzi wa macho.

Naogopa, mwanangu. La kushoto lilipokufa kwa surua nilikuwa mtoto, sikujua ninachopoteza. Masikio yalipokwenda na homa ya uti wa mgongo nilijifariji kwamba kusoma nitasoma.

Baba yako,
Eliud Byaruhanga


Mwanza
6 Juni 2024

Baba yangu, shikamoo.

Barua imefika leo na basi, hata chai sikuimaliza. Usitie maziwa wala majani. Ukiipata barua hii tu, panda bodaboda uende Kayanga, kliniki ya macho. Utafiti wetu una kituo pale. Tunalinganisha dawa ya bei nafuu ya kuua vijidudu na ile antibiotiki ya ghali isiyofika kwenye maduka ya vijijini.

Kidonda kwenye kioo cha jicho hakingoji mavuno. Kikiachwa kinaweka kovu jeupe, na hutaona tena. Dawa utakayopewa uidondoshe kila saa, mchana na usiku, kama watakavyokuelekeza.

Mwanao,
Kemilembe


Ihembe
11 Juni 2024

Mwanangu,

Hatujambo, nawe uwe hujambo. Kliniki nilikwenda. Binti wa pale alinieleza kwa kuandika kwenye daftari, nami nikatia sahihi. Nikapewa kichupa chenye namba, jina la dawa hakina. Maji yake ni ya kahawia na yanachoma kama pilipili. Nilipouliza ni dawa gani, akaandika kwamba haruhusiwi kusema.

Mimi ni baba yako, si panya wa maabara. Kama wamenipa ya rahisi kwa sababu mimi ni mkulima, niambie niiache. Ingawa, kusema kweli, jana niliweza kuhesabu mikungu iliyo nyuma ya nyumba.

Baba yako,
Eliud


Mwanza
14 Juni 2024

Shikamoo baba, na pole kwa maumivu.

Ninachokuandikia kimekatazwa na kanuni za kazi yangu, hivyo ukishasoma choma karatasi. Maji ya kahawia yanayochoma ni iodini tu. Ni dawa ileile mnayopaka vidonda, unaijua siku zote. Bei yake ndogo si dharau. Tukithibitisha kwamba inaponya, hata mkulima wa ndani kabisa Kyerwa ataipata karibu na kwake.

Umehesabu mikungu, baba. Nimesoma mstari huo mara tatu. Tafadhali usiache.

Mwanao,
Kemilembe


Ihembe
20 Juni 2024

Mwanangu,

Amani iwe kwako. Maneno yako yamenituliza. Jumapili Placida naye alitoka kanisani jicho limevimba. Jirani hanyimwi dawa, nikampa kichupa changu.

Mimi nami sikukosa dawa. Mahoro, yule mfugaji anayechunga upande wa Kyerwa, ana chupa kubwa ya iodini ya kupaka vitovu vya ndama, akanimiminia. Ni dawa ileile, ila hii ni nyeusi zaidi na ukali wake unaniangusha chini. Naivumilia, maana ulisema nisiache. Siku ya kurudi kliniki nimeipitisha, kahawa inadondoka kibanjani na watu wa kuchuma ni wachache.

Unisamehe mistari inapanda na kushuka. Leo karatasi ina ukungu.

Baba yako,
Eliud


Mwanza
26 Juni 2024

Baba, shikamoo.

Nilikuwa safarini kufuatilia wagonjwa, barua yako nimeikuta leo. Nimempigia Placida, anasema wameshakupakia bodaboda kwenda kliniki. Ile ya ndama ni kali mno na ina spiriti ndani yake. Ya macho imepunguzwa nguvu kwa vipimo. Nilijua hilo, baba, na sikuliandika. Nilitaka uniamini haraka, tena naionea fahari dawa hii kama mtu anavyomwonea fahari mwanawe.

Nimemweleza mkuu wa utafiti kila kitu, hata barua ile. Wamenisimamisha kazi, na wamenitaka nisiondoke mpaka kikao. Nisamehe. Niandikie hata mstari mmoja, hata ukipanda na kushuka.

Mwanao,
Kemilembe


Ihembe
17 Julai 2024

Kemilembe mwanangu,

Salamu nyingi. Mkono huu ni wa Placida. Mimi nasema, yeye anaandika. Sina njia ya kujua kama anaandika niliyosema, lakini namwamini.

Jicho lake limepona kabisa. Waambie wakubwa wako kwamba kichupa chao ni dawa.

Langu limekwenda. Daktari aliniandikia jambo refu kiganjani kwa kidole, nikapata neno moja, pole. Barua yako ilifika. Nilipoishika niliijua kwa namna unavyokunja. Siwezi kuisoma, na Placida akinisomea simsikii. Kama uliniuliza neno, sina jibu lake. Kama unajilaumu, acha, mimi ndiye niliyetia.

Usiniandikie tena. Njoo. Ukifika usipige hodi, ingia tu. Niguse uso kwa mikono miwili, nami nitakugusa wako.

Baba yako,
Eliud (alama ya dole gumba)

Dada Kemilembe, haya ya chini hakuyasema yeye. Kila jioni ananyoosha mkono nimpe ile barua yako. Anaipapasa mstari kwa mstari mpaka mwisho, kisha ananiuliza kama ni habari njema. Mimi humpiga bega mara moja, ndiyo.

Jirani yenu,
Placida