Boga la Mama Mkwe Limo Saunani

...na lile gauni la bibi yangu ulilonishauri mwezi wa Mei nililivaa, mpendwa Mshauri, nikaolewa nalo katikati ya kiangazi, na tangu siku ile natembea kama mtu aliye ndotoni, naamka alfajiri namtazama Otso amelala, nywele zimemwagikia usoni, najiuliza hivi kweli huyu ni wangu, lakini leo naomba msaada wako kwa jambo jingine kabisa, nalo ni boga.

Siku ya harusi baba mkwe wangu, Mzee Tauno, alitupa zawadi mbili. Kwanza mabenchi ya sauna ya nyumba yetu hapa Mikkeli, kile chumba cha mbao cha kuogea mvuke, aliyoyachonga kwa mikono yake. Pili bahasha yenye mbegu tano za boga, za mwisho kati ya zile ambazo mkewe, marehemu Hilkka, alizitunza mwaka hadi mwaka kwa miaka thelathini, naye tulimzika majira ya baridi yaliyopita. Sisi kwa furaha ya fungate tukazipanda zote tano, tena mwisho wa Juni, wakati maboga ya wenzetu yamekwisha kutambaa. Nne zililiwa na konokono. Mche mmoja ukaota kwenye pipa uani, na Septemba ilipoingia, ukiwa bado na maua tu, redio ikatangaza jalidi, ile baridi ya kugandisha majani.

"Tuuweke saunani, mpenzi," akasema Otso. "Kule ndiko kwenye joto."

Tukalibeba pipa, yeye nyuma, mimi mbele na shina limenizunguka shingoni kama shada, tukatundika taa ya kuoteshea miche, na tangu hapo tunaoga bafuni tu. Kila asubuhi tunaketi kwenye benchi la juu, katika ule mwanga wa zambarau, majani yametuzunguka, na naapa nasikia yakikua. Siku moja ua jike likafunguka. Nyuki hawaingii saunani, kwa hiyo Otso akachuma ua dume, akaliinamia lile jike akalipaka chavua, yuko na soksi tu.

"Kumbe mimi ndiye mshenga?"

"Wewe ni nyuki. Mshenga angekuwa ameshaongea sana."

"Na nyuki halipwi chochote?"

Nikambusu. Likashika, Mshauri! Sasa ni la ukubwa wa ngumi mbili, wiki ya tatu.

Basi jana Mzee Tauno akapiga simu. Jumamosi ijayo anatimiza miaka sabini na anataka kuoga sauna kwetu, juu ya benchi lake. Nikababaika. "Baba, jiko la sauna limeharibika."

Akasema, "Hamna neno, mwanangu. Nitakuja na vyombo vyangu nilitengeneze. Na maboga ya Hilkka je?"

"Yamejaa bustani, baba."

Otso alikuwa kasimama nyuma yangu. "Umetumaliza, mke wangu," akasema.

Tukiliwasha jiko, boga la mama litaiva kwa mvuke likingali shinani. Tukilitoa nje, jalidi italiua, na mbegu nyingine hakuna duniani. Tukimnyima mzee sauna siku yake, ni sawa na kumfungia mlango. Nifanyeje?

Saimi, Mikkeli

*

Saimi mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili kahawa yangu ilipoa mkononi. Furahini, mna haki. Sasa nisikilize.

Kupanda mbegu zote tano ni utoto. Moja hubaki bahashani, kila mwaka, hata kama umeolewa jana. Na huyo Otso aliyekwambia saunani kuna joto amezaliwa nchi gani? Sauna ina joto ikiwashwa. Siku nyingine ni kabati la mbao. Boga linataka dirisha. Sogezeni kitanda chenu, pipa likae kwenye dirisha la kusini, mbali na chuma cha kupashia joto, na ile taa iende nalo. Kata ncha za shina na maua yote yaliyobaki, nguvu ziende kwenye tunda moja. Maji kidogo. Kikonyo kikikauka kama gome na ukucha usipoingia kwenye ganda, likate, ulilaze ndani mwezi mzima ndipo ulipasue. Tena mna bahati: ua lile lilichavushwa ndani, mbali na maboga ya majirani. Mbegu zake zitakuwa za Hilkka tupu.

Ila kuhusu simu, hapo sikubembelezi. Mzee wa watu atasafiri na nyundo na bisibisi kutengeneza jiko zima? Mtu aliyemuuguza mkewe hafichwi mmea mgonjwa. Mpigie leo, kabla ya chakula, umwambie limebaki boga moja na mnaliogopea. Jumamosi aje mapema, alibebe pipa na mwanawe, aliweke dirishani yeye. Baadaye washeni sauna, akae kwenye benchi lake, na ninyi mnyamaze.

Mimi nina shughuli huko kwenu. Nitabisha hodi kabla mwezi huu haujaisha, nilibonyeze hilo ganda kwa ukucha wangu. Nikikuta hujampigia, sitavua hata koti.