Filimbi Uliyonipulizia Rulenge

Mpendwa Baba Yustina,

Jana nilikwenda Rulenge kutazama watoto wakicheza mpira wa kikapu. Siku hizi uwanja una saruji, lakini refa wao aliwaacha watembee na mpira kama watu wanaopeleka mahindi mashineni. Nikasimama nikapiga kelele, "Refa, tazama miguu!" Uwanja mzima ukageuka kumshangaa bibi huyu. Nilicheka peke yangu njia nzima. Ni wewe uliyeniharibu, mume wangu.

Marefa wenzako walitazama mpira. Wewe ulitazama miguu. Asubuhi ya mechi ulitufagilisha ule uwanja wa udongo, kisha ukaunyunyizia maji ili kila unyayo uonekane. Tulinung'unika sana, maana sabuni ya kufulia matope ilikuwa imeadimika kwenye duka la kijiji. Halafu kwenye udongo wenye maji mpira haudundi vizuri, kwa hiyo sisi wasichana tulizoea kuubeba kidogo na kuiba hatua. Marefa wengine walituachia. Wewe, hapana.

Unaikumbuka siku tuliyowapokea askari wetu waliorudi kutoka vitani? Kaka Deo alikuwa kati yao, amekonda hadi macho yamekuwa makubwa, nami nilimwahidi kwamba tutawafunga wasichana wa Runazi kwa heshima yake. Wiki hiyohiyo mshenga wako alikuwa aje kwa baba, na kijiji kizima kilijua. Mechi ikiwa ukingoni, tuko nyuma kwa pointi moja, nikadaka mpira chini ya goli, nikageuka, nikarusha. Ukaingia! Ngoma zikalia, akina mama wakapiga vigelegele. Katikati ya shangwe hiyo nikasikia filimbi. Ulikuwa umezungusha mikono mbele ya kifua: ametembea na mpira, goli hakuna.

"Mimi?" nikakuuliza.

"Wewe," ukasema.

Wallahi nilitamani kukurushia ule mpira usoni. Deo akafoka, "Huyu ndiye anayetaka kuoa kwetu? Mshenga wake asikanyage!" Baba akainuka na fimbo yake, akaingia uwanjani. Ukamwamkia, "Shikamoo, mzee." Hakuitikia. Nikajua yamekwisha, na hasira zangu zote zikageuka kuwa hofu ya kukukosa.

Baba akainama. Alikuwa mfugaji, ng'ombe akipotea alimfuata kwa alama za kwato mpaka karibu na Burundi. Akauona unyayo wangu wa kushoto pale nilipodakia, mguu ambao sheria ilitaka usihame nikigeuka, kisha akauona uleule wa kushoto tena, pembeni kidogo, kabla sijaruka.

"Ulijua huyu ni nani?" akakuuliza.

"Nilijua, mzee. Ndiye ninayemtaka."

"Na bado ukapuliza?"

"Mguu ulihama, mzee."

Baba akanyooka, akamgeukia Deo. "Umehama kweli." Halafu akacheka, kile kicheko chake cha kukohoa. "Marahaba, mwanangu. Mshenga aje. Asiyempendelea binti mbele ya watu hatamwonea ndani ya nyumba."

Runazi wakashinda, tukala nao, tukacheza ngoma nao, na Deo ndiye aliyekumiminia pombe ya ndizi. Mimi sikukusemesha mpaka mshenga alipofika. Nilikuwa nimenuna kwa heshima ya timu tu, moyoni nilikuwa naruka.

Nilikaa nawe nikikuona unawaamulia watoto, majirani, hata mimi na mama yako, bila kuangalia nani amekununia. Mara nyingine nilikasirika. Lakini sikuwahi kulala nikijiuliza kama unanidanganya, na raha hiyo wanawake wengi hawajaionja.

Nimekukumbuka, Baba Yustina, na nakukumbuka nikicheka. Siku ile walionishangilia walikuwa wengi, na baadhi yao walikuwa wachumba wazuri. Nikaolewa na aliyenipulizia filimbi. Ukiniuliza leo, nitakuchagua wewe tena, na goli langu libaki limekataliwa.

Pumzika kwa amani, refa wangu.

Mkeo,
Mama Yustina